Barabara Iliyoliwa na Salamu

Wenzangu mnaobaki kazini, leo ni siku yangu ya nne ya kustaafu na bado naamka saa kumi na mbili, navaa raba, nafunga kamba, halafu nakumbuka. Nakaa kitandani na raba zangu nikicheka peke yangu. Jirani ameshaniuliza kwa upole kama niko sawa. Niko sawa mno. Mliniomba niwaandikie namna ya kupima barabara ya mbio ndefu ili kazi isije ikaondoka na mimi, nami nimeona niandike sasa hivi, kabla furaha haijapoa nikaanza kuandika kama taarifa ya robo mwaka. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuja kwa mwendo wao wenyewe na havina cha kumfundisha mtu.

Mimi ni mtoto wa Tura. Baba yangu alifanya kazi ya reli, na nilikua nikiamini kwamba umbali wote duniani hupimwa kwa treni: Tabora ni treni moja, Dar es Salaam ni treni moja na usingizi. Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka stesheni ya Tabora na sanduku la bati, nikaenda ofisini, nikaambiwa, wewe ndiye afisa michezo mpya, mipira iko stoo. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa watu wengi michezo ni mpira wa miguu, na mengine yote ni watu wanaochelewa mahali. Vijijini waliniita Afisa Mipira mpaka nastaafu, ingawa tangu niajiriwe sijawahi kuupiga mpira ukaenda ninakotaka.

Stoo ile, nyuma ya nyavu zilizotoboka, nilimkuta Mzee Luhende. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, amechuchumaa mbele ya baiskeli kubwa ya kiume, akilibinya tairi la mbele kwa kidole gumba huku amefumba macho. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba bila kufumbua macho, akaniuliza kama najua kuendesha baiskeli. Nikasema najua. Nilikuwa najua kukaa kwenye karia. Wiki ile niliangukia michongoma ya Ipuli, ya Cheyo na ya uwanjani, na Mzee Luhende alinipaka dawa ya vidonda bila kuuliza swali hata moja, jambo ambalo liliniuma kuliko vidonda.

Baiskeli yenyewe mmeiona. Kwenye gurudumu la mbele kuna kidude cha shaba chenye tarakimu tano, kihesabio, kilichotolewa zamani kwenye mashine ya kuchambulia pamba. Kila gurudumu linapozunguka, kinasogea. Kazi yote ni hiyo. Unaanza asubuhi kwa kunyoosha utepe wa chuma kwenye barabara iliyonyooka, mita mia tatu, unapigilia misumari miwili. Unapita kati ya misumari ile mara nne, umekaa vilevile, umevaa nguo zilezile, na kama umekunywa chai mwanzoni basi chai hiyo ibaki tumboni mpaka mwisho, maana uzito wako ukibadilika tairi linabinyika tofauti. Ukishajua mizunguko mingapi ni mita mia tatu, unaijua dunia nzima. Sheria kubwa ni moja, na Mzee Luhende aliirudia kila tulipotoka: ukiacha mstari wa barabara kwa sababu yoyote ile, inua gurudumu la mbele. Lisiguse chini. Likigusa linahesabu, na halijui kama unapima ama unakwenda kujisaidia.

Aliyekifunga kihesabio kile alikuwa Mfaransa, Bruda Anselmi, fundi mwashi wa misheni, ambaye Mzee Luhende alimkuta akiwa mzee tayari. Mimi sikumwona, lakini maisha yake nimeyasikia mara nyingi mpaka nayasimulia kama nilikuwepo, na nyinyi mtayasikia sasa, kwa sababu bila yeye msingeelewa nilichokifanya mwaka huu.

Anselmi alianza kama kijana wa kupeleka mikate. Kwao ni vilima vitupu, na mwokaji alimpa kikapu cha mgongoni na saa moja ya kumaliza vijiji vinne kabla mikate haijapoa. Alimaliza kwa dakika arobaini. Wakati ule mbio ndefu zilikuwa kitu kipya kwa Wafaransa, na watu walikwenda kuwatazama wakimbiaji kama wanavyokwenda kutazama sarakasi. Hapakuwa na raba wala jezi. Alishona kaptula kwa mfuko wa unga, fundi viatu akampunguzia buti zake visigino, na rafiki yake akamfuata kwa baiskeli akimlisha mkate uliolowekwa kwenye mvinyo na mayai mabichi. Mzee Luhende alikuwa akifika hapa anasimama kabisa kuonyesha jinsi Bruda alivyotapika yai kilomita ya kumi, akajifuta kwa mkono na kuendelea. Alikimbia mbio za kilomita arobaini mbele ya bendi ya tarumbeta na akashinda kwa muda ambao hakuna mtu kwao aliyewahi kuufikia. Wakamvika shada, wakampiga picha, gazeti likamwandika.

Wiki mbili alikuwa mtu mkubwa. Kisha akaanza kuwa na shaka, maana miguu yake ilimwambia barabara ile ilikwisha mapema. Jumapili moja alichukua gurudumu la mkokoteni, akalisukuma njia nzima akihesabu. Ikapungua karibu kilomita moja. Akamtafuta mzee aliyeipima, dereva wa mkokoteni, akamwuliza alipima vipi. Yule mzee akasema alipima vizuri sana, kwa gurudumu lake, bila kuruka hatua, ila njiani kulikuwa na vilabu vya mvinyo na farasi wake alivizoea, kila kilabu aliingia uani mwenyewe na kutoka. Gurudumu lilihesabu vilabu vyote.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka nikashika ukuta wa stoo. Nilimcheka dereva yule miaka yote ya kazi yangu. Nimemsimulia kwenye semina, kwenye misiba, kwenye foleni ya benki. Nilichokuwa nakipitia haraka ni mwisho wake. Bruda Anselmi aliandika barua kwa gazeti mwenyewe, akasema muda wangu si halali, barabara ilikuwa fupi, nirudishieni barabara kamili nikimbie tena. Wakachukua shada. Barabara hawakumpa. Walisema mambo yameisha, na mwaka uliofuata kulikuwa na kijana mwingine wa kushangiliwa. Akaingia utawa, akaja kujenga Tabora, na kila mahali alipoishi alipima barabara. Mzee Luhende alisema hata akiwa na mvi kichwa kizima, Bruda alikuwa akikaa na kujiuliza kwa sauti kama angeweza.

Basi turudi kazini. Tatizo la kupima barabara za kwetu ni wazee. Barabara yetu ya mbio inafuata ile njia ya zamani ya misafara inayoingia Tabora kutoka mashariki. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliokuwa wanariadha wake wa kwanza, ila wao walibeba pembe za ndovu na hakuna aliyewapigia makofi mwishoni. Kando yake ni nyumba baada ya nyumba, na mbele ya nyumba kuna mzee. Huwezi kumpita mzee ukiwa juu ya baiskeli kama unapita kichuguu. Unashuka, unaikokota mpaka alipo, unasalimu, unaulizwa habari za nyumbani, unajibu, unauliza zake, ndipo unaachiwa. Mwaka wangu wa pili nilijaribu kufuata sheria na adabu kwa pamoja: nilimwendea mzee mmoja nimeinua gurudumu la mbele juu kabisa. Alirudisha kiti nyuma na kuniuliza kwa nini namletea baiskeli iliyosimama kwa miguu miwili. Habari ikafika mjini kabla yangu.

Mzee Luhende alikuwa na dawa yake. Alipima Jumapili, wakati wa ibada, wakati njia nzima iko kanisani. Yeye Mkatoliki alisali misa ya kwanza, mimi Mmoravian nikasamehewa na mchungaji kwa Jumapili mbili kwa mwaka. Tulikuwa na saa mbili na nusu za barabara tupu, na kwa sifa ya kanisa langu niseme kwamba upande wa Wamoravian barabara ilibaki tupu muda mrefu zaidi, kwa kuwa sisi tunaimba beti zote. Tulipima hivyo mpaka alipostaafu, na baada yake nikapima hivyo peke yangu. Ng'ombe wa Nzega walinikatisha njia, mvua ya Bukene ilinilaza kwenye banda la pamba siku mbili, mwenyekiti mmoja alitaka mbio zipinde zipite dukani kwake. Kihesabio hakikuwahi kukosea. Mzee Luhende alipofariki nilikifunga kitambaa cheusi wiki nzima.

Sasa nifike mwaka huu, na mnisomee kwa huruma.

Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu. Mbio zetu zikaletwa mbele, Jumapili zilizosalia zote zikawa na mikutano, na mimi nikasema si kitu, nitapima Alhamisi. Ningepima hata nikiwa nimefumba macho. Nilitoka mjini asubuhi kwenda mwanzo wa mbio, kilomita ishirini na moja na mita tisini na saba na nusu, huku naimba. Njia nzima walikuwa wamesikia Afisa Mipira anastaafu. Kila mzee alikuwa nje. Walinishusha, wakaniombea, mmoja akanipa jogoo ambaye ilibidi nikatae kwa sababu ya uzito. Nilishuka mara kumi na tisa. Nakumbuka idadi kwa kuwa nilikuwa naihesabu kwa furaha, nikisema moyoni, tazama Felista ulivyo na watu. Gurudumu la mbele sikuliinua hata mara moja, wala halikunijia akilini.

Katika mbio hizo alikuwemo Kalunde. Wengi wenu mnamjua. Kwa msiojua, ni mke wa kijana mmoja mkulima wa tumbaku, kijiji cha kilomita ya kumi na tatu. Nilimwona mara ya kwanza akiwa na ndoo ya maji kichwani, akimkimbilia mtoto wa mtu aliyekuwa anafuata ndama barabarani, na maji hayakumwagika. Nilimfundisha miaka mitatu. Mwaka huu alikuwa na nafasi ya kuitwa kambi ya timu ya taifa kama angemaliza ndani ya saa moja na dakika kumi na tano. Baba mkwe wake, Mzee Shija, alikuwa amempa msimu huu mmoja. Alisema hana ubaya na mbio, ila tumbaku haijui mbio, na msimu ukiisha bila kitu, Kalunde anarudi shambani na neno hilo halizungumzwi tena. Mzee Shija akisema neno halizungumzwi, halizungumzwi.

Kalunde alimaliza kwa saa moja, dakika kumi na nne na sekunde thelathini na nane. Nilirukaruka. Nilimkumbatia, nikamkumbatia mwendesha pikipiki, nikamkumbatia mkuu wangu wa kazi ambaye hapendi kuguswa. Kisha nikakaa kuandika orodha ya waliomaliza, na kalamu ikaanza kuwa nzito. Kila mtu alikuwa amekimbia vizuri kuliko alivyowahi. Mwalimu mmoja wa sekondari, mwenye kitambi tunachokiheshimu sote, alikuwa amepunguza muda wake kwa dakika nzima. Nikawaona wazee kumi na tisa mbele yangu, mmoja mmoja, na mimi nawaendea nikikokota baiskeli, gurudumu liko chini, tarakimu zinasogea. Nilikuwa nimegeuka yule dereva wa mkokoteni, hata farasi sikuwa naye wa kumsingizia.

Jumapili iliyofuata niliomba radhi kwa mchungaji, nikapima upya wakati wa ibada. Barabara ilipungua mita mia moja na tisini. Kila salamu ilikula mita kumi, tano za kwenda na tano za kurudi. Kwa mwendo wa Kalunde hizo ni sekunde arobaini. Yeye alikuwa ndani ya muda kwa sekunde ishirini na mbili.

Niwaambie ukweli nyinyi vijana: nilikaa juu ya jiwe la kilomita na kufikiri kunyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na kihesabio. Nilikuwa nastaafu. Nilimfikiria Kalunde, nikamfikiria Bruda Anselmi na barua yake, nikamkasirikia sana Bruda Anselmi. Halafu nikaandika barua kwa chama cha riadha cha mkoa, kwamba barabara ilikuwa fupi, kosa ni langu peke yangu, muda wa mkimbiaji usihesabiwe. Na chini yake nikaongeza jambo ambalo Bruda alilikosa: naomba apewe barabara kamili, kabla ya siku ya mwisho ya kuteua. Barua hiyo niliipeleka kwa mkono, nikakaa mlangoni kwao mpaka wajibu. Nilikaa siku mbili, nikiwa na kiti changu na chupa yangu ya chai. Walikubali, wakapanga majaribio Jumamosi moja, nadhani ili niondoke.

Kumwambia Kalunde ilikuwa kazi nyingine. Nilimkuta anafunga tumbaku, mikono imeshika utomvu mweusi. Nilimweleza yote, wazee, gurudumu, mita mia na tisini. Nilitegemea alie. Alitulia akasikiliza, akaendelea kufunga, kisha akauliza sekunde arobaini ni kiasi gani cha barabara, nikamwambia ni kama kutoka hapa mpaka kwenye mashine ya kusaga.

"Basi ninazo," akasema.

"Unazo nini?"

"Hizo sekunde, mama. Ziko hapahapa kijijini. Nilipofika hapa siku ile wazee walikuwa wamekaa barabarani kututazama. Baba alikuwepo, na ndugu zake, saba wote. Nilipiga magoti."

Nilimwuliza mara tatu kama nimesikia vizuri. Alikuwa amesimama katikati ya mbio, kilomita ya kumi na tatu, akapiga goti mbele ya kila mzee wa ukoo wa mumewe, mwangaluka baba, mwangaluka baba mdogo, ile salamu ya asubuhi, mpaka wa saba, akainuka akakimbia. Tuliigiza papo hapo, mimi nikiwa wazee wote saba kwa zamu na saa mkononi. Sekunde hamsini. Mwenzenu nilicheka mpaka nikakaa kwenye majani ya tumbaku. Salamu zangu zilikuwa zimefupisha barabara, na salamu zake zilikuwa zimeirudisha.

Lakini hesabu ilikuwa wazi, na haikuchekesha. Kwenye barabara kamili, akipiga magoti, anakosa. Asipopiga, anapata. Nikamwambia, basi safari hii usisimame. Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu asiyenijua.

"Mama, nimpite baba mkwe kama nguzo ya umeme? Halafu jioni nimpakulie ugali kwa mkono upi?"

Nikaenda kwa Mzee Shija mwenyewe. Nilishuka mbali, nikaliinua gurudumu kwa mazoea, nikalishusha haraka. Nilimwamkia, tukamaliza habari za mvua, za wilayani Isikizya, za tumbaku na za kustaafu kwangu. Kisha nikaomba kwa heshima zote kwamba Jumamosi ile ya majaribio, kwa asubuhi moja tu, amsamehe mkwewe salamu. Akasema yeye si mtu wa kusamehe salamu. Salamu si yake, aliikuta. Babu yake alisalimiwa hapo na watu waliobeba mizigo kutoka pwani, wamechoka kuliko huyu, nao walitua mzigo kwanza. Mkwe akimwona baba mkwe asimsalimu, huyo si mkwe na huyu si baba. Nikasema nimeelewa, baba. Nikaondoka, na njiani nilikuwa nimeshindwa kweli, siwafichi. Nililia kidogo upande wa mteremko, ambako baiskeli inakwenda yenyewe.

Jumamosi ikafika. Barabara nilikuwa nimeipima mara mbili, Jumapili na Jumapili, gurudumu juu. Wasimamizi wa muda walikuwepo, vijana wawili wa kumtangulia ili wamvute mbio walikuwepo, nami nikafuata nyuma kwa baiskeli, mwanamke wa miaka sitini mwenye filimbi shingoni. Kalunde alianza vizuri. Nyumba za kwanza nilizopita nikaona kitu cha ajabu lakini sikukielewa: hapakuwa na mtu nje. Nikadhani wamekwenda msibani. Kilomita ya tano, hakuna mtu. Ya tisa, kigoda mlangoni na juu yake kikombe cha chai kinafuka moshi, mwenyewe hayupo. Ya kumi na moja, bao liko barazani na kete zimeachwa katikati ya mchezo, na jambo hilo wazee wa pale hawalifanyi hata nyumba ikiungua.

Tukaingia kilomita ya kumi na tatu. Kalunde alipunguza mwendo. Nilimwona anageuza kichwa, kulia, kushoto, goti la kushoto limeshaanza kukunjika lenyewe. Uwanja wa Mzee Shija ulikuwa mtupu na umefagiliwa. Viti saba vilikuwa vimepangwa barabarani kama siku ile, na hakuna aliyekaa. Mlango wa nyumba kubwa umefungwa, wa nyumba ya pili umefungwa, yote imefungwa saa mbili asubuhi kama kijiji kina surua. Nyuma ya wavu wa dirisha la nyumba kubwa kulikuwa na kitu cheusi kikubwa kisichotikisika, na chini yake vipande viwili vyeupe vya macho. Hapo nikaelewa. Hakusamehe salamu. Alihakikisha haonekani.

Nilipiga filimbi kwa nguvu zangu zote bila sababu yoyote ya kikazi. Kalunde akatazama viti saba vitupu kwa hatua mbili tatu, akashika mdomo, halafu akaanza kukimbia ambavyo sijawahi kumwona mtu akikimbia kwenye barabara ile. Vijana wa kumvuta wakawa wanavutwa. Mimi nyuma nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, nayumba barabara nzima, na nyumba zote mpaka mjini zilikuwa zimefungwa hivyohivyo, bila shaka kwa neno la Mzee Shija, wazee kumi na tisa na zaidi wamejifungia ndani asubuhi njema ya Jumamosi. Nilimkumbuka Bruda Anselmi. Natumaini alikuwa anatazama.

Saa moja, dakika kumi na nne, sekunde ishirini na tisa. Barabara kamili. Wasimamizi wakatia sahihi.

Chai ilikuwa tayari, na machungwa, na mwandishi wa redio. Kalunde hakukaa. Alikunywa maji akasimama, akaniambia, mama, turudi. Nikamwambia apumzike. Akasema bado hajawasalimu. Basi nikampakia kwenye karia, nikakanyaga kilomita zaidi ya nane kurudi tulikotoka, mimi naendesha, bingwa amekaa nyuma na raba zake mkononi.

Viti saba vilikuwa vimekaliwa. Mzee Shija katikati, ametulia, fimbo kati ya magoti, kana kwamba amekaa pale tangu alfajiri. Kalunde alishuka, akapiga magoti mchangani, taratibu, bila haraka ya aina yoyote, akatoa salamu ya jua likishapanda.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mwanangu," akasema Mzee Shija. "Utusamehe. Asubuhi hatukuwepo."

Na kwenye paji la uso wake, kutoka nyusi mpaka kwenye mvi, wavu wa dirisha ulikuwa umeacha alama za miraba midogomidogo.